Upande wa Kulia wa Daftari

Hatu-Mera, 14 Machi 2011

Mestre Cosme, mwalimu wangu,

Natumaini barua hii inakukuta ukikohoa kidogo kuliko siku ile Kiko alipokuja kukuchukua na lori lake, nawe ukawa unamfokea kwa kumkalisha jogoo wake kwenye kiti chako. Nyumbani hatujambo. Mama anakusalimu, anasema umeze dawa zote na usijifanye mjuaji mbele ya manesi wa Dili.

Darasa lako la kwanza lipo. Watoto ni arobaini na mmoja, siku ya soko hubaki thelathini. Wiki ya kwanza nilipokuwa nikiandika ubaoni wao walikuwa wakitazama mlango, wakidhani utaingia. Domitila, yule mjukuu wa bibi muuza pilipili, ambaye hukuwahi kuisikia sauti yake, amesema. Jumanne alinyoosha mkono, nikaweka chaki chini, akauliza, "Mwalimu, wewe ni mwalimu wa kweli au wa kuazima?" Darasa zima lilicheka. Nikamjibu kwamba mimi ni wa kuazima mpaka Mestre arudi. Akaridhika, akaendelea kuchora kuku wake.

Sasa habari yangu mwenyewe. Chuo cha ualimu kinapokea maombi mpaka mwisho wa Septemba, na mtihani ni Novemba. Wanataka cheti cha sekondari, barua ya paroko, na karatasi ya ofisi ya elimu inayothibitisha kwamba mwombaji amejitolea darasani siku zisizopungua mia moja. Bwana Leopoldo, mwalimu mkuu wetu, amehesabu kwa vidole akasema mpaka kahawa ikiisha kuvunwa nitakuwa nazo. Mwaka huu ni wa mwisho kwangu, Mestre. Nina miaka ishirini na miwili, na ukishapita hapo chuo hakikupokei. Mama ameshaanza kumsifia mtoto wa mwenye duka kila tunapoosha vyombo.

Niombee.

Amandina Sarmento


Dili, 2 Aprili 2011

Amandina,

Barua yako nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu, na ninaitunza. Umepata saba kati ya kumi. Umesahau nukta mahali panne, na hayo ya watoto kutazama mlango si habari, ni kujihurumia. Wangetazama nini tena, nawe ulikuwa umewapa mgongo?

Mimi naishi kwa binti yangu Imaculada, chumba cha nyuma, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Kila asubuhi naenda hospitali kumeza dawa mbele ya nesi. Nikishameza ananiambia, "Fungua mdomo, mzee," niufungue, auchungulie kama mtu anayenunua nyati wa kulimia. Ninaambiwa kifua kikuu kinataka miezi minane. Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na sita, kwa hiyo kungoja ninakujua.

Jambo moja limenishangaza. Mshahara unaingia kila mwezi, haujakatwa hata senti. Leopoldo aliponiambia likizo ya ugonjwa imekubaliwa nilidhani ananipoza tu, maana unakumbuka yule mwalimu wa bonde la chini alivyougua miezi mitatu wakafuta jina lake. Kumbe serikali ina huruma kuliko nilivyoisingizia. Mume wa Imaculada alikwenda kutafuta kazi ng'ambo na tangu Krismasi hajaandika, na nyumba hii ina watoto wanne. Ningekosa mshahara huo, sijui tungekula nini.

Sikiliza neno la kazi. Kila asubuhi, kabla hujafungua mdomo darasani, tia sahihi kwenye daftari la mahudhurio. Upande wa kushoto ni wa walimu wa mshahara, upande wa kulia ni wa wanaojitolea. Nakala yake huletwa hapa Dili, ofisi ya elimu, kila baada ya miezi mitatu. Siku isiyo na sahihi haikuwapo, hata kama uliwafundisha watoto kuruka angani.

Mwambie Domitila kuku ana miguu miwili. Alikuwa akimchorea mitatu.

Cosme dos Reis Tilman


Hatu-Mera, 19 Juni 2011

Mestre,

Domitila anasema ule mguu wa tatu ni kivuli. Nimemwacha.

Kahawa imeiva na darasa limehamia mashambani. Jumatatu nilikuta watoto tisa. Nikaona nikikaa na tisa wangu nitaonekana mpumbavu, nikabeba ubao mdogo nikawafuata wengine huko waliko. Wanachuma huku tunahesabu. Kumi kwenye kiganja, kumi kumi kwenye kikapu. Zequito alifika kumi na tisa, ya ishirini akaitia mdomoni akafyonza maganda yake. Nikamuuliza zimebaki ngapi, akasema, "Kumi na tisa, Mwalimu, na moja niko nayo hapa." Nikampa alama zote.

Shamba lako usiwe na wasiwasi nalo. Watu wa kilima cha juu walikuja Jumamosi mbili kupalilia, na wiki hii wanalichuma. Kahawa yote imeanikwa kwa shemeji yako. Tito, mmoja wao, alitaka kuondoka na kikapu kimoja kama ujira, Mama akamuuliza mbele za watu tangu lini mtu hupalilia shamba la mgonjwa kisha akaenda na kahawa yake. Tito alikiweka kikapu chini akasema alikuwa anakipima uzito tu.

Daftari hutiwa sahihi kila siku kabla sijafungua mdomo, kama ulivyoagiza. Haijakosekana hata siku moja.

Imaculada ameandikiwa na mumewe? Nawaza sana juu ya wale watoto wanne.

Amandina


Dili, 8 Julai 2011

Amandina,

Nane. Ungepata tisa, ila Tito umemwonea. Ni mvivu lakini si mwizi.

Hapana, hajaandika. Imaculada anafua tu nguo hata zilizo safi.

Barua yako nilimsomea nesi, kile kipande cha Zequito, akacheka mpaka akasahau kunichungulia mdomo. Nataka nikwambie jambo ambalo sikukwambia ulipokuwa na miaka saba wala ulipokuwa na kumi na saba, kwa sababu watoto wakisifiwa huvimba kichwa. Wako watu wanaofundisha kwa kuwa hawakupata kazi nyingine. Wewe unafundisha hata ukiwa na kikapu mkononi. Kubeba ubao kwenda shambani mimi sikuwahi kuliwaza jambo hilo, miaka yote hiyo niliwakaripia wazazi wao tu.

Kwa hiyo fomu zako nitazipeleka mimi. Ofisi ya elimu haiko mbali na hospitali. Zitume kwa Kiko, pamoja na barua ya paroko, nami nitaomba karatasi ya zile siku mia moja papo hapo. Tusingoje Septemba, mwisho wa Septemba foleni hufika barabarani.

Cosme


Hatu-Mera, 30 Julai 2011

Mestre,

Fomu ni hizi, na barua ya paroko ni hiyo yenye muhuri. Lakini tafadhali usiende mwenyewe. Dili kuna jua na vumbi, na kifua chako bado. Mpe Imaculada azipeleke zilivyo. Karatasi ya siku mia moja usihangaike nayo, nasikia wakati mwingine barua ya paroko inatosha. Na kama haitoshi basi, yako mambo mengine mtu anaweza kufanya duniani.

Mvua imepiga bila msimu wake na paa la darasa linavuja juu ya benchi la tatu. Tumelisogeza. Mama anakusalimu.

Amandina


Dili, 22 Agosti 2011

Amandina Sarmento,

Hii barua yako sikuisahihisha. Ninairudisha kama ilivyo.

Nilikwenda ofisini mwenyewe. Nilisimama kwenye foleni tangu saa mbili asubuhi, na nilipofika dirishani nikasema nimekuja kwa ajili ya mwalimu wa kujitolea wa Hatu-Mera, Amandina Sarmento. Karani akafungua nakala za daftari. Alipekua mwezi wa pili, wa tatu, akaenda mpaka wa saba. Akaniambia, "Mzee, huyo binti yako hayumo. Hana hata siku moja." Nikamwambia atazame tena, upande wa kulia. Akanigeuzia nakala ili nione kwa macho yangu. Upande wa kulia ni mweupe, kurasa zote. Akasema, "Labda anajitolea mbinguni, huko hatuna nakala." Watu nyuma yangu walicheka.

Nilitembea mpaka nyumbani nikazitoa barua zako zote. Domitila, Zequito, ubao shambani, benchi linalosogezwa. Nimezisoma upya nikijiuliza ni lipi la kweli. Uliniandikia kwamba daftari hutiwa sahihi kila siku. Na Julai ukaniomba nisiende ofisini, sasa najua kwa nini. Kama ulichoka ungeniambia. Kama unataka kuolewa na mtoto wa duka, olewa, si dhambi. Lakini kumtungia mgonjwa hadithi za watoto wake ili afurahi, na mimi nikamsomea nesi nikijivuna, hilo sikukufundisha.

Arobaini na mmoja wamekaa na nani miezi yote hii?

Cosme dos Reis Tilman


Hatu-Mera, 29 Agosti 2011

Mestre,

Ni kweli jina langu halimo kwenye daftari.

Kuhusu Domitila na wengine, niliyokuandikia ni kweli. Kama huwezi kuamini, nitavumilia. Endelea na dawa, tafadhali, na usirudi tena ofisini kuuliza.

Fomu zangu mwachie Imaculada. Anaweza kuwashia moto.

Amandina


Hatu-Mera, 3 Septemba 2011

Ndugu Cosme,

Hujawahi kupata barua kutoka kwangu, nami najua kuandika ripoti tu, kwa hiyo nivumilie. Msichana alikuja shuleni na barua yako, akaingia darasani akafundisha. Wakati wa mapumziko alikaa nyuma ya jiko la shule akalia. Domitila alikwenda akakaa karibu naye na kuni zake mikononi. Nimeona aibu, ndiyo maana ninaandika.

Likizo yako ya ugonjwa haikukubaliwa. Haikuombwa hata. Ulipoondoka Februari nilitaka kuandika "mgonjwa" kwenye nafasi yako, Amandina akaniuliza itakuwaje. Nikamwambia ukweli: miezi mitatu ya "mgonjwa" watamfuta, kama walivyomfuta mwenzetu wa bonde la chini, naye alituma barua ya daktari, hajajibiwa mpaka leo. Kesho yake asubuhi nikamkuta daftarini. Alitia sahihi upande wa kushoto, kwenye mstari wako, jina lako, na ule mkia wako wote chini yake. Sikuweza kutofautisha. Mkono wake ni mkono wako, wewe ndiye uliyemshikisha chaki.

Nikamwambia, "Binti, hizi siku ni zako, utazihitaji." Akanijibu, "Bwana Leopoldo, tunapolipalilia shamba la Mestre, kahawa ni ya nani?" Nikasema ya Mestre. "Basi na hili ni shamba lake." Mimi ni mtu wa hapa, ndugu yangu. Nikafunga daftari nikajifanya sikuona, na nimejifanya hivyo siku mia moja na ishirini na tatu.

Alidhani barua ya paroko ingemsaidia. Julai nilipomwambia haitasaidia, alisema potelea mbali, lakini wewe usijue, kwa sababu ukijua utafanya ujinga.

Sasa umejua. Kama ni kosa, mimi ndiye mkuu wa shule.

Leopoldo Soares


Dili, 12 Septemba 2011

Amandina, mwanangu,

Leopoldo ameniandikia. Usimnunie, alifanya alilotakiwa kufanya Februari.

Kwanza nisamehe. Nimefundisha miaka thelathini na sita na nimewapiga watoto wangapi kwa makosa ambayo baadaye niligundua ni yangu, Mungu anajua hesabu yake. Lakini barua ile ya Agosti ndiyo kosa langu kubwa. Umri wote huu, na nilimwamini karani nikaacha kukuamini wewe. Ukiweza kuirudisha nitaichoma mwenyewe.

Pili, daftari si shamba. Shamba lina mwenyewe hata asipokuwapo. Siku ya darasani haina mwenyewe ila aliyesimama mbele ya watoto. Ungeniuliza ningekwambia, na ndiyo sababu hukuniuliza.

Tatu, nilirudi ofisini Ijumaa. Karani ni yuleyule. Nikamwambia safari hii ninamtafuta Cosme Tilman wa Hatu-Mera. Akapekua, akasema, "Huyu yupo, mzee. Hajakosa hata siku moja. Saa hizi yuko darasani." Nikamwambia, "Saa hizi yuko dirishani kwako, na ana kiu." Akanitazama. Nikamwekea kitambulisho na kadi ya hospitali yenye tarehe za dawa zangu, asubuhi baada ya asubuhi, Dili. Alizipanga kadi na daftari bega kwa bega akaacha kucheka. Akaenda kumwita mkuu wake.

Mkuu wake ni mwanamke anaitwa Dona Benvinda, mnene, mpole, ana miwani yenye kamba. Aliniuliza, "Mestre, unajua unachotaka kuandika hapa?" Nikamwambia nimefundisha watu kuandika, najua. Nikaandika kwamba siku zote mia moja na ishirini na tatu zenye jina langu si zangu, ni za Amandina Sarmento, nikatia sahihi yangu chini ili waone ya asili. Amesema atazihamisha, ila anataka na ushahidi wa wazazi. Mwambie Leopoldo awakusanye Jumapili baada ya misa, kila mzazi wa darasa la kwanza aandike jina au atie dole gumba kwamba ni wewe uliyewafundisha. Kiko azilete kabla ya tarehe ishirini na nane.

Kuhusu mimi usiwaze. Wamenionya tu, basi.

Nipe alama za barua hii. Usinipendelee.

Cosme


Hatu-Mera, 25 Septemba 2011

Mestre,

Nimekupa tisa. Moja nimeikata kwa "wamenionya tu", kwa sababu hukueleza vizuri, nawe ulitufundisha kueleza.

Nilikasirika siku mbili nzima. Ulichokifanya ndicho nilichokuwa nakikimbia. Kisha Jumapili ikafika.

Bwana Leopoldo aliweka meza nje ya kanisa na kidau cha wino. Nilidhani watakuja kumi. Walikuja wote, na wengine ambao hawana mtoto darasani, ikabidi wafukuzwe. Tito alitia dole lake mara mbili, akaulizwa mbona mbili, akasema anao mapacha. Bibi muuza pilipili alikataa wino. Alishika kalamu, akaandika herufi moja moja jina lake lote, watu wakingoja juani, kumbe Domitila amekuwa akimfundisha kila jioni yale niliyomfundisha asubuhi. Mimi sikujua. Nililia mbele ya paroko na sikuona haya.

Karatasi ni hizi. Zikifika zimechafuka kidogo, ni kwa sababu Kiko atazibeba chini ya jogoo.

Ungeniambia ukweli, Mestre, wamekufanya nini?

Amandina


Dili, 20 Oktoba 2011

Amandina,

Nina mambo mawili. Jina lako limo kwenye orodha ya mtihani, nimeliona kwa macho yangu likiwa limebandikwa ukutani, la hamsini na tatu. Na la pili, nimemaliza dawa. Nesi amenichungulia mdomo mara ya mwisho akasema atanikumbuka.

Soma. Hesabu za mafungu bado zinakusumbua, tangu zamani.

Cosme


Hatu-Mera, 18 Desemba 2011

Mestre,

Nimepita. Nimeandika hapo juu kabisa ili usiruke mistari kutafuta.

Lakini siendi.

Siku ya mtihani Dona Benvinda ndiye aliyekuwa akigawa karatasi. Aliposoma jina langu akanishika bega, akasema, "Ndiye wewe. Mestre wako ni mtu." Nikamuuliza ana maana gani. Akaniambia alidhani najua. Walifuta jina lako siku ileile uliyoandika, Mestre, na mshahara wa mwisho ulikuwa wa Septemba. Miaka thelathini na sita, kisha ukaniandikia wamenionya tu. Nilifanya mtihani wote nikiliwaza hilo. Sijui nilivyopita.

Sasa niambie. Nilikutilia sahihi ili usifutwe, ukafutwa. Imaculada anawalisha nini wanawe? Na mimi nikienda chuo, darasa la kwanza linabaki na nani? Bwana Leopoldo ameuliza kila mahali. Hakuna anayetaka kujitolea huku juu, na mwalimu wa mshahara hawatamleta kabla ya mwaka mmoja au miwili. Juzi Domitila aliniuliza, "Ukiondoka, anakuja nani?" Nikamwambia siondoki. Ndivyo nilivyoamua.

Nakuandikia ili usisikie kwa mtu mwingine.

Amandina


Dili, 24 Desemba 2011

Amandina,

Sita kati ya kumi. Habari njema umeiweka juu kisha ukaikalia.

Mume wa Imaculada ameandika, tena ametuma. Yuko kwenye machinjio ya kuku huko ng'ambo, alikuwa ameumia mkono akaona haya kusema. Unaona ni ugonjwa wa watu wote, kuficha. Kwa hiyo wale wanne wanakula.

Jina langu lilipofutwa nilikuwa na miaka sitini na minne. Nilikuwa nimeshapitiliza umri wa kustaafu, kama mgeni asiyejua kuaga. Sikukwambia kwa sababu ungefanya hivi unavyofanya sasa. Hapo tumefanana, na sina haki ya kukukaripia.

Darasa la kwanza nimelipatia mtu. Anajitolea. Si kijana sana na sauti yake si kubwa, lakini kazi anaijua na kilima anakiweza akipanda polepole. Leopoldo ameshamkubali. Atafika kabla muhula haujaanza. Kwa hiyo huna tena kisingizio, funga mzigo wako. Kama tarehe tisa Januari hujaripoti chuoni, nitazirudisha barua zako zote nikiwa nimezipa sifuri.

Noeli njema. Mle mahindi ya kutosha kwa niaba yangu.

Cosme


Hatu-Mera, 16 Januari 2012

Mwanafunzi wa ualimu Amandina Sarmento,

Nimepata barua yako ya chuoni. Nasikia mnalala wanane chumba kimoja na kwamba mwalimu wa somo la malezi amewaambia mtoto asiyesema darasani apewe muda. Ungemwambia kwamba Hatu-Mera tunajua.

Unaniuliza habari za yule mtu niliyekupatia. Alifika kwa lori la Kiko siku tatu baada ya wewe kushuka. Safari hii jogoo alikaa mbele na yeye akakaa nyuma juu ya magunia, bila kufoka. Alipita shambani kwake, akaliona limepaliliwa mpaka mpakani, na magunia manne ya kahawa yamefungwa kwa shemeji yake, hakuna hata kikapu kilichopungua. Alikaa juu ya gunia akalia kidogo, kwa kuwa hakukuwa na mtu. Kahawa hiyo itamlisha mwaka mzima.

Asubuhi alikwenda shuleni mapema. Leopoldo alimwekea daftari mezani, kisha akageuka kutazama dirishani, ndiyo tabia yake. Kwa mazoea mkono ulikwenda kushoto. Ule mstari wa kushoto haupo tena, wameupiga kalamu. Akahamia kulia. Hapo juu kulikuwa na jina lako, siku mia moja na ishirini na tatu, zilizoandikwa upya na ofisi na kupigwa muhuri, moja chini ya nyingine, ukurasa baada ya ukurasa. Alizisoma zote. Kisha akafungua ukurasa mpya.

Darasani walisimama, wapya na waliorudia, na wale wako waliopanda darasa la pili walikuwa wamejazana mlangoni kuchungulia. Sauti yangu haifiki tena benchi la nyuma, kwa hiyo ninasema polepole na Domitila, aliyeomba ruhusa kwa mwalimu wake wa darasa la pili, anairudia kwa nguvu. Ana sauti ya kengele yule mtoto, na mimi nilidhani hana.

Kabla hatujaanza alinitazama tangu kichwani mpaka viatuni. Akaniuliza, "Mestre, kumbe sasa na wewe ni wa kuazima?"

Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Mpaka nani arudi?"

Nikaandika jina lako ubaoni, wakalisoma wote.

Cosme dos Reis Tilman
mwalimu wa kujitolea